Wa Kijiwe Kimoja Wakigongana: Namna ya Kumpata Mwenye Kosa

Basi limesimama, abiria mmoja kashuka na begi, na bodaboda wawili wa kijiwe kimoja wamemkimbilia kwa pamoja. Sasa pikipiki moja imelala chini, taa imepasuka, na kijana mmoja ameshika goti. Vumbi halijatua, kijiwe kimeshagawanyika: hawa wanasema huyu alichomekea, wale wanasema yule alikuja kasi kama mwendawazimu. Kisha macho yote yanakugeukia wewe mwenyekiti. Kama unaongoza kijiwe Mpale, Mombo, Segera au Handeni mjini, siku hiyo utaikuta, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako. Utamfaa pia kocha wa baiskeli, au mwalimu wa michezo aliyepeleka wanafunzi wawili kwenye mbio moja wakarudi hawasemeshani.

Ukigongana na mtu baki, kila mmoja ana upande wake na trafiki yuko katikati. Wenza wa timu moja wakigongana, kesho asubuhi watakaa tena benchi moja, wakisubiri basi lilelile. Ukimpa kosa asiyestahili, hasira haiondoki. Inahamia kwenye kona inayofuata. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko yote: anza kwa kuhukumu mwendo wa vyombo katika zile sekunde chache kabla ya kugusana, na uje kwa watu baadaye. Anayeanza na watu humbebesha kosa mgeni wa kijiwe, au kijana asiye na wa kumsemea.

Nitachota mifano mingi kwenye langalanga, mbio za magari za Formula 1. Kule kila timu ina madereva wawili, kila kona ina kamera, na wenza wa timu wamegongana mara nyingi kiasi kwamba hoja zote unazozisikia kijiweni zimeshabishaniwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Busara yao inatufaa, na makosa yao yanatufaa zaidi.

Kabla ya kuuliza nani

Aliyeumia kwanza. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Magunga kama mko upande wa Korogwe mjini. Kama kuna majeruhi, na hasa kama kuna abiria aliyekuwa amepakiwa, habari ifike polisi na aliyeumia apate PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Usikubali maneno ya "tuyamalize wenyewe" yakamnyima abiria haki yake. Sheria inataka kila pikipiki iwe na bima inayowalinda watu wengine, lakini bima hiyo haimsaidii mtu ambaye ajali yake haikuandikwa popote. Uamuzi wako wa kijiwe unahusu mambo ya kijiwe: nani atengeneze taa ya mwenzake, nani akose zamu. Kazi ya trafiki mwachie trafiki.

Pikipiki zisiinuliwe kabla hujapiga picha, isipokuwa kama zinaziba njia ya magari. Simu yoyote inatosha. Piga ukiwa mbali kiasi cha kuonyesha barabara nzima, kisha sogea.

Hapa ndipo wenyeviti wengi wanapoharakisha, na ndipo ukweli mwingi ulipo. Angalia alama za tairi. Kwenye barabara ya vumbi mstari wa breki husomeka vizuri kuliko kwenye lami. Mahali mstari unapoanza kupinda ndipo chombo kilipoacha njia yake. Vipande vya taa na indiketa visikuhadae, kwa kuwa huruka mbele kufuata mwendo na kutua mbali na walipogusana. Tafuta badala yake udongo mkavu uliodondoka kutoka chini ya madigadi. Huo hupukutika palepale pigo lilipotokea, na mara nyingi utaukuta umejikusanya sehemu moja.

Halafu inama uangalie mikwaruzo. Pitisha kidole kwenye tangi au ubavu wa pikipiki iliyokuwa mbele. Mkwaruzo una mwanzo na mwisho, na rangi iliyochunwa hurundikana kule ulikoishia. Kama umetoka nyuma kwenda mbele, basi yule mwingine alikuwa na kasi zaidi, anapita. Kama umetoka mbele kwenda nyuma, huyu unayemkagua ndiye aliyekuwa anapita. Angalia pia mahali pa pigo la kwanza. Tairi la mbele la mmoja likiwa limegonga eksozi au kanyagio la abiria la mwenzake, huyo wa nyuma alikuwa hajafika ubavuni. Usukani ukiwa umegonga usukani, walikuwa sambamba, na kesi inabadilika kabisa.

Mashahidi waulize mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja kutengeneza simulizi. Mama wa chai na abiria mwenyewe wana thamani kuliko marafiki wa pande zote mbili. Usimuulize mtu, "Nani mwenye makosa?" Muulize, "Wewe ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini kwanza?" Aliyegeuka baada ya kusikia kishindo hakuona ajali, ameona matokeo yake, na asiandikwe kama shahidi wa chanzo. Wahusika nao wape mawe mawili kila mmoja, wapange juu ya ardhi jinsi walivyokuwa wanakuja. "Dogo, niwekee hapa ulipokuwa wakati unaanza kupita." Mtu anayeongeza chumvi kwa mdomo hupata shida sana kuiongeza kwa mawe.

Maswali ya mwendo

Swali la kwanza: nani alikuwa na haki ya nafasi ile? Barabarani kwetu tunaendesha kushoto na tunapita kulia. Aliyepita kushoto kwa kutanua kwenye ukingo wa barabara ameanza na deni. Aliye nyuma naye ana wajibu wa kutomparamia aliye mbele, na hili ndilo kosa jepesi kuliko yote kulitambua. Mjini Montreal, tarehe 15 Juni 2025, Lando Norris wa McLaren alijaribu kujipenyeza kushoto kwa mwenzake Oscar Piastri kwenye mstari ulionyooka, ambako hapakuwa na nafasi, akamgonga kwa nyuma. Akatoka mbioni, na Piastri akamaliza wa nne. Norris alikiri palepale kwenye redio kwamba kosa ni lake, na waamuzi wakampa adhabu ya sekunde tano. Kesi ya namna hiyo usiifanyie kikao kirefu.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani alibadili njia yake, na alibadili wakati gani? Mtu anaweza kuwa mbele na bado akawa mkosaji. Chukua Istanbul, tarehe 30 Mei 2010. Mark Webber wa Red Bull alikuwa anaongoza. Mwenzake Sebastian Vettel akamfikia upande wa kushoto, wakawa sambamba, Vettel akatangulia kidogo. Kabla hajamaliza kumpita akaanza kurudi kulia, na magari yakagusana. Webber alikuwa amemwachia nafasi, ingawa finyu, na alikuwa ameshika mstari wake. Vettel akatoka, Webber akamaliza wa tatu, na ushindi wakauchukua McLaren, Lewis Hamilton wa kwanza na Jenson Button wa pili. Ukitazama watu utaona dereva kijana aliyependwa na timu akigombana na mkongwe mbishi. Ukitazama magari utaona moja limenyooka na jingine limehama.

Huko ndiko kuchomekea. Bodaboda anapita, anaona abiria ananyoosha mkono, anakata kushoto kabla tairi lake la nyuma halijapita tairi la mbele la mwenzake. Aliyegongwa ndiye anayeonekana kumgonga mwingine kwa nyuma, na mashahidi wavivu watamlaumu yeye. Udongo, alama na mkwaruzo ndivyo vitakavyomwokoa.

Wakati nao una uzito. Kuhama mapema, mwenzako akiwa bado mbali, ni kujilinda, na mashindano yanaruhusu. Kuhama wakati tairi lake limeshafika ubavuni kwako ni kumbana. Barcelona, tarehe 15 Mei 2016, walionyesha jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Nico Rosberg wa Mercedes alikuwa mbele ya Hamilton, ambaye wakati huo alikuwa mwenzake wa timu, lakini injini yake ilikuwa kwenye mpangilio usio sahihi na gari likakosa nguvu. Hamilton akaja kwa kasi kubwa upande wa kulia, Rosberg akahamia kulia kumfungia, Hamilton akaishia kwenye nyasi, akazunguka na kumgonga mwenzake. Wote wawili nje katika mzunguko wa kwanza. Waamuzi wakasema hakuna wa kuadhibiwa. Mimi nakubaliana nao: mmoja alifunga mlango akiwa na haki ya kufunga, mwingine aliingia mlango ulipokuwa bado wazi, na kasi zao zilitofautiana mno kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na muda wa kubadili nia.

Swali la tatu: nani angeweza kuepusha, na hakuepusha? Liulize mwisho, wala lisiyafute mawili ya kwanza. Aliye na haki ya njia bado anapaswa kushika breki akimwona mwenzake anafanya upuuzi; asiposhika kwa makusudi, ili mwenzake "ajifunze", naye ana sehemu yake ya kosa.

Kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli maswali ni yaleyale, ila ushahidi unadanganya kwa namna nyingine. Kwenye baiskeli, tairi la mbele la aliye nyuma likigusana na la nyuma la aliye mbele, anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma, hata kama wa mbele ndiye aliyeyumba. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa sababu kaanguka, wala kwa sababu kabaki amesimama. Kwenye riadha aliye nyuma ndiye mwenye kazi ya kutafuta njia ya kupita, na kugusana kwa bahati mbaya pekee hakumfanyi mtu kuwa mkosaji. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na hakukuwa na mgongo wa mtu wa kubanana nao.

Kesi mbili katika ajali moja

Hili wengi hawalitenganishi, na ndilo linaloharibu vikao. Kuna kosa la ajali, yaani nani alisababisha kugusana. Na kuna kosa la timu, yaani nani alivunja makubaliano yenu. Mtu anaweza kuwa safi kwenye la kwanza na mchafu kwenye la pili.

Tarehe 24 Agosti 2014, Spa nchini Ubelgiji, Rosberg alijaribu kumpita Hamilton katika mzunguko wa pili. Bawa la mbele la gari lake likagusa tairi la nyuma la mwenzake, na tairi hilo likapasuka. Waamuzi wa mbio hawakumwadhibu mtu; kwao lilikuwa tukio la kawaida la ushindani. Mercedes hawakuishia hapo. Walikuwa wameshawaambia madereva wao wasigongane, wakamwita Rosberg, akaomba radhi, na timu ikamchukulia hatua zake yenyewe. Waamuzi hawakukosea na timu haikukosea, kwa sababu kila mmoja alijibu swali lake.

Kijiwe chenu kikiwa na zamu, na aliyegongwa akawa amewahi abiria asiye wake, usichanganye mambo. Aliyemgonga alipe taa. Aliyeruka zamu akose zamu. Ukisema, "Kwa kuwa ulikuwa unaiba abiria, kugongwa kwako ni haki yako," umewaruhusu vijana wagongane kila wanapoona zamu imerukwa, na safari ijayo utazika mtu.

Vinavyopotosha

Maumivu. Aliyelazwa anahurumiwa, na huruma ni njema, lakini haithibitishi kitu kuhusu mwendo.

Hasara ya mwisho. Rosberg na Hamilton waligongana tena Austria, tarehe 3 Julai 2016, katika mzunguko wa mwisho. Rosberg alikuwa anaongoza, akachelewa kukata kona, akamsukumia Hamilton nje, na bawa la gari lake mwenyewe likavunjika. Hamilton akashinda, Rosberg akamaliza wa nne. Aliyepoteza zaidi ndiye aliyekuwa na kosa, na waamuzi wakamwongezea sekunde kumi juu ya hasara yake. Kijiweni tuna tabia ya kusema, "Mwache, ameshaadhibika." Kama tabia ni ileile, uharibifu wa pikipiki yake haujamfundisha.

Cheo na ukaribu ndivyo vibaya zaidi. Baada ya Istanbul, Helmut Marko, mshauri mkubwa wa Red Bull, alimlaumu Webber hadharani. Picha zilikuwa zinaonyeshwa dunia nzima na kila mtu anaona nani kahama. Timu ilipata shida kuirudisha heshima ya uamuzi wake, na wawili wale hawakuwa wenza wa kweli tena. Ukiwa mwenyekiti na mmoja wa waliogongana ni mdogo wako, shemeji yako, au anaendesha pikipiki yako kwa hesabu ya siku, kaa pembeni. Mwite mwenyekiti wa kijiwe jirani aongoze kikao.

Na kuna historia. Suzuka, tarehe 22 Oktoba 1989, Alain Prost na Ayrton Senna wa McLaren waligongana wakiwania ubingwa wa dunia, Prost akiwa mbele na Senna akijaribu kumpita kwa ndani. Prost akatoka garini. Senna akasukumwa, akaendelea, akafika wa kwanza, kisha akafutiwa matokeo, na ubingwa ukawa wa Prost. Watu bado wanabishana hadi leo, na wengi hawabishanii kona. Wanabishana kuhusu tabia ya Senna na tabia ya Prost. Historia ya mtu iingie kwenye kikao wakati wa kupima adhabu, baada ya kosa kupatikana. Ikiingia mapema, mwenye jina baya atakuwa mkosaji wa kila ajali hadi ahame kijiwe.

Kugawa kosa na kulipa

Kwenye langalanga dereva huadhibiwa pale tu anapoonekana kuwa ndiye mkosaji kwa sehemu kubwa. Kanuni hiyo ni nzuri, ichukue. Inakuruhusu kusema "wote wawili" bila kuonekana mwoga. Mwaka 2018 mjini Baku, Daniel Ricciardo alimgonga Max Verstappen kwa nyuma, wote wakiwa Red Bull. Ukiishia kwenye pigo, kosa ni la Ricciardo. Lakini Verstappen alihama zaidi ya mara moja kumzuia, akamwacha mwenzake hana pa kwenda. Waamuzi wakawaonya wote, na timu ikawabebesha wote lawama.

Mimi hutumia vipimo vitatu tu: kosa lote la mmoja, kosa kubwa la mmoja na dogo la mwingine, au nusu kwa nusu. Asilimia za kina huleta mabishano yasiyoisha. Kosa likiwa lote la mmoja, atengeneze vyombo viwili. Likiwa kubwa kwa mmoja, alipe theluthi mbili ya gharama zote na mwenzake theluthi moja. Likiwa nusu kwa nusu, kila mtu abebe chake, isipokuwa kama gharama zimepishana sana. Hapo zijumlishwe zigawanywe. Fundi mmoja akague pikipiki zote mbili siku ileile, ili ubovu wa zamani usilipwe kama ubovu wa ajali.

Kumbuka mwenye chombo. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya bosi kwa hesabu, au kwa mkataba ambao wakiumaliza pikipiki inakuwa yao. Chombo kikiwa gereji siku nne, hesabu haisimami. Kwa hiyo kwenye malipo weka pia siku hizo, na mpigie bosi simu mbele ya wote ili asije kusikia simulizi nyingine jioni.

Andika uamuzi kwenye daftari la kijiwe: tarehe, mahali, nani alihama, nani anadaiwa nini, lini anamaliza. Wote wawili watie saini. Aliyekiri mapema, kama Norris alivyofanya Montreal, mpunguzie adhabu ya kijiwe, lakini deni la taa libaki palepale. Taa haitengenezwi na maneno.

Mwisho, jiulize wewe mwenyewe. Wawili wale waligongana wakimkimbilia abiria mmoja. Je, kijiwe kilikuwa na zamu inayoeleweka, au kila basi likifika ni mwenye mbio ndiye apataye? Kama hakuna zamu, au ipo na huwa unawaachia wakubwa wairuke, basi kwenye daftari lile andika na jina lako, chini ya majina ya wale wawili, kisha kabla basi la kesho asubuhi halijasimama panga nani anatangulia na nani anafuata, uwasomee wote.